Mashine Iliyonyamazishwa, na Pete ya Noela

Jumatatu iliyopita nilikabidhi mashine, kijiko na daftari, nikastaafu. Nina miaka thelathini na mmoja. Najua mtu wa umri huo hastaafu, na nilihangaika wiki nzima kutafuta neno jingine, lakini wenzangu wa mchangani walilikataa kila nililoleta. Wanasema nimetumika miaka sita, magoti yangu yanalia ninapoinama, na sasa nimepata kazi ya kufundisha jiografia huko Queensburgh inayoanza saa ambayo mtu wetu yeyote anayejiheshimu bado anachimba. Basi nimestaafu. Ninyi wanne mnaobaki mmeniomba niandike niliyojifunza. Habari za vyeo hazitachukua nafasi: nilipanda mara moja, kutoka kubeba kijiko hadi kubeba mashine. Za mshahara hazitachukua nafasi kabisa, kwa kuwa haukuwepo. Ilikuwa burudani ya asubuhi, tukaiita kazi kwa sababu tuliifanya kwa bidii kuliko kazi zetu halisi.

Nilifika Durban mwaka 2009 na shahada yangu kutoka Bukavu, ambayo kwa muda mrefu ilikaa kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro ili isilowe. Nilikuwa nikilinda magari katika maegesho ya South Beach, na fulana ya njano iliyonifika magotini. Wiki ya kwanza nilifika mapema mno, kama ninavyofika kila mahali, nikamwona mwanamke akitembea taratibu mchangani, masikio yamefunikwa, mkononi fimbo yenye sahani chini. Aliipeleka sahani kushoto na kulia bila kugusa mchanga. Kisha akasimama, akapiga goti, akaanza kufukua kwa vidole.

Kwetu nimewaona watu wanaotembea hivyo. Wanatafuta mabomu ya ardhini. Sikufikiri mara mbili, jambo ambalo ni nadra kwangu. Nilikimbia hadi ukingo wa saruji, nikainua mikono nikawazuia watu waliokuwa wakishuka kuogelea: baba mmoja na wanawe, na mabibi wawili wenye taulo. Niliwaambia kwa Kiingereza cha shule kwamba eneo lile si salama. Walinitii. Nadhani ni fulana. Mwanamke yule alipoinua kichwa na kuona kundi la watu limesimama likimtazama, alivua vile vya masikioni akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Alipoisikia lafudhi yangu akageukia Kiswahili.

"We mutoto wa wapi?"

"Bukavu, yaya," nikajibu, jina tunalomwitia dada mkubwa kwetu.

Aliwatazama wale watu, akanitazama, akaelewa. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua kiganja, na ndani yake mlikuwa na hereni moja yenye umbo la nanasi.

"Bomu lenyewe njo hili," akasema. "Waambie batu wapite."

Huyo ndiye Yaya Bea, mnayemjua ninyi kama mwenye saluni. Ametoka Uvira, anasuka nywele mjini Jumanne hadi Jumamosi, Jumapili ni ya kanisa, na asubuhi zote zilizobaki, kabla ya kufungua mlango, zilikuwa za mchanga. Mashine ile ya kutafutia vyuma aliinunua katika duka la vitu vilivyotumika, akidhani ni ya kusafishia mazulia. Hilo aliniambia baada ya miaka mitatu, na akaniomba nisilitangaze. Sasa nimestaafu.

Siku ile alinipa kijiko nibebe. Hiki kijiko mnachokilalamikia uzito kina historia. Vile vya dukani havikuhimili mchanga wetu mbichi, kwa hiyo Yaya Bea alichukua pipa la ndani la mashine mbovu ya kufulia, lile lenye matundu, akalipeleka kwa mchomelea vyuma mmoja wa Clairwood anayetengeneza matrela. Fundi alilikata, akalikunja, akaliwekea mpini wa bomba. Mchanga unatoka kwenye matundu, kitu kinabaki. Mpini umebadilishwa mara mbili na pipa mara moja, lakini tunasema ni kijiko kile kile. Kioshe kwa maji baridi kila siku. Chumvi inakula hata chuma wanachosema hakiliwi.

Miaka ya mwanzo nilijifunza kusikiliza. Chuma chenye kutu hukwaruza kama kuku anayeparua. Sarafu nzito hulia safi, mara moja, na hulia vile vile ukiipitia kutoka upande mwingine. Mwaka wa Kombe la Dunia tuliokota sarafu za nchi ambazo nilizijua kwenye ramani tu, na nikazipanga mezani kwa mabara, mpaka Yaya Bea akauliza kama nitazifanyia mtihani. Tuliokota funguo nyingi, vijisanamu vya magari, meno ya bandia ya juu (ya chini hatukuyapata, na bado nawaza kwa nini), na medali ya mbio za shule ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa bibi.

Tulijifunza pia kurudisha. Kuna watu wanaosafiri kutoka bara kuja kuongea na mizimu ya wazee wao majini, na huwatupia sarafu. Ukizikuta tano au sita zimelala pamoja, na kipande cha mshumaa karibu, hizo hazikupotea. Yaya Bea huzirudisha baharini. Mimi nilikuwa naumia kichwa: je, kama ni tatu? Je, kama mshumaa ni wa keki ya siku ya kuzaliwa? Alinijibu kwamba ukiwa na shaka, rudisha, na ukimaliza kurudisha acha kuwaza. Sehemu ya kwanza niliiweza.

Na kulikuwa na swali lake. Mtu akija na kilio cha kitu kilichopotea, wote tunakimbilia kuuliza kilianguka wapi. Yeye hakuuliza hivyo. "Angekuwa anajua wapi, asingekuja," alisema. Aliuliza mikono ilifanya nini: ilishika nini, ilipaka nini, ilimbeba nani. Mikono, alisema, ina kumbukumbu kuliko macho. Niliandika maneno hayo daftarini, nikayapigia mstari, na siku ilipofika nikayasahau.

Mwaka 2012 alinikabidhi mashine, kwa kuwa harusi zilikuwa nyingi na mabega yake hayakupumzika. Sasa nilikuwa mimi na mchanga, na ndimi.

Ndimi mnazijua: vile vidude vya kufungulia makopo ya soda. Ufuo wetu umejaa ndimi. Kila asubuhi nilipiga magoti mara mia kwa ajili ya ndimi, na kila mara nilidhani ni dhahabu, kwa maana sauti zao zinakaribiana sana. Nikaanza kufikiri. Nikatengeneza jedwali. Mashine ile ina kidude cha kuchuja takataka: unakizungusha, na sauti ya aina fulani ya kitu inanyamaza. Nilikaa jioni mbili na mfuko wa ndimi mezani, nikikizungusha kidogo kidogo, mpaka ndimi zote zikanyamaza na sarafu zikaendelea kulia. Niliona nimefanya jambo la mtu aliyesoma. Magoti yangu yalishukuru. Yaya Bea sikumwambia. Nilitaka kwanza nikusanye ushahidi wa mwaka mzima ndipo nimwonyeshe jedwali.

Niliendelea hivyo miezi minane. Ndipo likaja jambo la Noela.

Noela alikuwa akiuza vitambaa sokoni Warwick, mwanamke mpole wa kutoka upande wa Uvira kama Yaya Bea. Alipotezana na mumewe, Jeremi, wakati wa kukimbia vita. Yeye alifika Durban, mume akabaki kambini Tanzania, na kwa miaka minne walikuwa watu wa simu. Sasa Jeremi alikuwa njiani, na alitegemewa kufika Ijumaa. Jumapili kabla ya Ijumaa hiyo, Noela alibatizwa baharini pamoja na wengine wa kanisa lake, na jioni alikuja kwa Yaya Bea analia. Pete yake ya ndoa haipo.

Pete yenyewe ilikuwa nyembamba, ya dhahabu hafifu, kazi ya sonara wa kwao. Lakini Tito, mdogo wake Jeremi, anayefanya kazi katika bohari Clairwood, alikuwa amekwisha kumwandikia kaka yake mara mbili kwamba huku wanawake wanabadilika, kwamba shemeji anaonekana hivi na vile. Noela aliyajua maneno hayo kwa sababu Jeremi mwenyewe alimsomea kwenye simu, akicheka, na alicheka kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa. Sasa ashuke baada ya miaka minne akute kidole kitupu. Nani ataamini bahari?

Yaya Bea alikuwa na maharusi wanne wiki hiyo. Akanitazama. "Hii ni yako, Lisansie," akasema. Ndilo jina walilonipa kwa ajili ya shahada yangu. Ilikuwa kesi yangu ya kwanza peke yangu, na usiku ule sikulala vizuri.

Nilimuuliza Noela ilianguka wapi. Akasema majini, pale mchungaji alipomzamisha. Nikachora. Nilipima kwa hatua, nikaweka vijiti, nikagawa sehemu yote ya mchanga mbichi kuwa miraba, na Jumatatu, Jumanne na Jumatano maji yalipokupwa nilipita kila mraba mara mbili, mara ya kwanza kwa urefu, ya pili kwa upana. Nilipata sarafu, kijiko cha chai, na risasi za wavuvi za kuzamishia mishipi. Kila asubuhi Noela alisimama kwenye ngazi za saruji kabla ya kwenda sokoni, haulizi kitu, na kila asubuhi nilitikisa kichwa. Nilimweleza habari za mawimbi na uzito wa dhahabu. Alinisikiliza kwa heshima, na heshima hiyo iliniumiza kuliko kama angenitukana.

Alhamisi mchana alikwenda saluni kusukwa. Pete au hakuna pete, mume anakuja. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuripoti kushindwa, nimekaa kwenye kiti cha wateja na michoro yangu magotini. Yaya Bea alisuka nusu ya kichwa. Kisha, kwa sauti ile ile anayomuulizia mteja kama inauma, akauliza:

"Mama, siku ile mikono yako ilifanya nini?"

Mtu anayesukwa hawezi kugeuza kichwa, na nadhani hilo linasaidia. Noela akaanza kueleza. Mikono ilimpa shemasi viatu. Mikono ilimpa shemasi hereni, kwa sababu kanisani kwao hakuna anayeingia majini na kitu cha urembo mwilini. Vyote hukusanywa na shemasi katika mfuko. Hapo akakomea.

"Na pete?"

"Pete sikumpa." Sauti ilikuwa ndogo. "Yule mama anasahau vitu, Yaya. Niliifunga kwenye pindo la kitenge. Niliacha kitenge kwa mchanga."

Mnajua jinsi mama zetu wanavyofunga kitu kwenye pindo la kitenge: fundo moja, gumu, na benki haifungwi vizuri zaidi. Basi mikono ikaendelea kusimulia. Alipotoka majini anatetemeka, dada wanne walichukua kitenge kile kile wakakishika pembe nne kumzunguka, ili avue gauni lililolowa. Walikishika juu kama pazia, wakiimba. Pembe moja ilikuwa na fundo. Dada aliyeishika pembe hiyo hakupata pa kushikia, akalifungua.

Noela alikuwa amejua tangu Jumapili kwamba pete haikuingia majini. Lakini angesemaje, mbele ya kanisa, kwamba siku ya ubatizo wake alimficha shemasi kitu? Alisema bahari, kwa kuwa bahari haiulizwi. Na siku tatu nilizopima miraba alikuwa akisimama kwenye ngazi akitumaini kwamba nitapotea njia nifike mchanga mkavu.

Yaya Bea hakumlaumu. Alichomeka chanuo kwenye nywele za upande ambao haujasukwa, akamfunga kitambaa, akavua eproni. "Twende utuonyeshe mulisimama wapi."

Ilikuwa karibu na mabomba ya kuogea, upande wa kulia, mchanga mkavu, watu wengi. Siku nne za nyayo, na trekta lenye meno linalosafisha ufuo kila alfajiri. Noela alisimama mahali penyewe akajikumbatia kama siku ile. Nilivaa vya masikioni nikapita taratibu. Nikapita tena. Nikapita kwa upande. Hakuna sauti, hata moja. Mchanga ulikuwa kimya kama ukurasa mweupe.

"Hapa hakuna kitu," nikasema. "Trekta imebeba."

Noela alikaa chini. Yaya Bea hakumtazama yeye wala mimi. Alikuwa anatazama miguu yangu. Kati ya viatu vyangu, juu kabisa ya mchanga, unang'aa, ulikuwa umelala ulimi wa kopo la soda.

"Pitisha mashine hapo," akasema.

Nikapitisha. Kimya.

"Mbona haioni hiyo?"

Nilimweleza. Nilianza na jedwali, nikapitia mfuko wa ndimi, nikafika kwenye magoti. Nilikuwa bado naeleza nilipojisikia mwenyewe. Kitu chembamba cha dhahabu hafifu kinalia kama ulimi wa kopo. Hilo ndilo lililonifanya nizinyamazishe. Nilikuwa nimeiamuru mashine isiniambie juu ya kila kitu kinachofanana na pete. Na si siku ile tu. Miezi minane nilikuwa nimezunguka ufuo wote, kila asubuhi, nikizipita pete za watu kwa juu, na kuandika daftarini kwamba hakuna kitu.

Yaya Bea alinyoosha mkono, akakirudisha kidude mahali pake. "Eish, Lisansie," akasema. "Kichwa yako ilitaka kupumzisha magoti."

Mashine ilipofunguka masikio yangu yalijaa. Ndimi kila mahali. Nilipiga goti, ulimi. Nikapiga goti, ulimi, karatasi ya foili ya sigara, ulimi. Yaya Bea alishika kijiko, kazi yangu ya zamani, akawa anachekecha na kutupa ndimi mfukoni. Noela naye aliinuka akawa anachimba kwa mikono. Watu wenye taulo walisimama kututazama, na safari hii sikumwambia mtu yeyote kwamba si salama. Sikumbuki ilikuwa mara ya ngapi. Sauti haikuwa tofauti hata kidogo na zile nyingine. Yaya Bea alichekecha, mchanga ukashuka, na ndani ya kijiko kikabaki kitu cha mviringo kisicho na ulimi.

Noela hakupiga kelele. Aliichukua, akaisugua kwenye sketi, akaivaa, kisha akaukunja mkono kifuani, na mkono mwingine juu yake. Alikaa hivyo. Baadaye akasema nusu ya nywele zake bado.

Njiani kurudi nilimwomba Yaya Bea anisamehe ile miezi minane. Nilikuwa nimekwisha kufanya hesabu kichwani ya pete ngapi kwa wiki. Akaniambia niache. "Ufuo wote njo haujatafutwa bado," akasema. "Uko na kazi." Nimefanya kazi hiyo miaka miwili na zaidi tangu siku ile, mraba kwa mraba, magoti yote mawili, na pete tulizorudisha kwa wenyewe tangu hapo mnazijua kwa sababu mlikuwepo. Hicho kidude nimekifunga kwa gundi. Msikifungue.

Ijumaa Noela alitaka tuwepo wote wawili. Teksi kutoka Johannesburg ilifika Warwick adhuhuri, katikati ya wauza mahindi na wabeba mizigo. Tito alikuwepo, mikono nyuma, macho yake kwenye kidole cha shemeji yake tangu alipofika. Noela aliyaona, akauacha mkono wake uonekane. Jeremi alishuka wa mwisho, mwembamba kuliko picha, begi begani, mkono wa kushoto mfukoni. Alimkumbatia mkewe kwa mkono mmoja. Alitusalimia sote kwa mkono mmoja. Tito alimpokea begi, na bado mkono ule haukutoka.

Kisha macho ya Jeremi yakafika kwenye pete. Aliitazama kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi. Ulikuwa wa mtu aliyeshikwa.

"Mama," akasema. "Umeitunza."

Akautoa mkono mfukoni. Kidole kilikuwa kitupu, na alama nyeupe ya pete ilikuwa bado haijafifia.

"Nilimpa mwenye lori mpakani," akasema. "Hakutaka kitu kingine. Njia yote nawaza nitakwambia nini."

Tito alitazama chini. Noela aliushika ule mkono mtupu kwa mkono wake wenye pete, akavifunga vidole vyake juu ya vya mumewe, akaanza kumvuta kutoka kwenye msongamano.

"Tuko nayo moja," akasema. "Inatosha. Twende ule."